Ndala ilibaki chini ya mashine

Ya bluu, ya mguu wa kushoto.

Ilibanwa kati ya bedi ya mashine na ngazi ya tisa kuhesabu kutoka chini, imekunjika katikati kama chapati, na mdogo wangu kasimama ngazi mbili chini yake, mguu mmoja peku, anaiangalia. Juu kule vijana sita walikuwa bado wameng'ang'ania kamba, wawili kati yao makalio kwenye vumbi, na mimi niliyekuwa pale kwenye mwembe viganja vinawaka utadhani nimeepua sufuria ya maharage bila kitambaa. Hakuna aliyeongea. Mdogo wangu akainama akaivuta ile ndala, ikagoma. Akavuta tena. Akaiacha, akanyanyua macho, akasema:

"Kaka, tuweke kabari kwanza."

Basi. Hakusema kingine mpaka jioni.

Hii ni wiki ya saba sasa. Nimesharudi Dar, nimesharudi kazini, watu wanaulizia Kigoma na mimi nawajibu Kigoma nzuri, migebuka ipo, ziwa lipo. Lakini kila nikipanda ngazi za ofisini naiona ile ndala. Kuna kitu nilikifanya siku ile sikumwambia mtu, nimeona bora nikiandike hapa, ila nivumilieni nitaanzia mbali kidogo.

## Mashine ya Mzee

Wanaoijua Kigoma wanajua nyumba za mteremkoni zilivyo, kwa barabarani unaona nyumba ya kawaida tu, ukizunguka nyuma unakuta kuna chumba kingine huko chini kimechimbiwa kwenye kilima. Cha kwetu ndio ilikuwa karakana ya Mzee. Humo ndimo alimokerezea shafti za injini za maboti ya Kibirizi, bushi za mashine za kukamulia mawese, na vipuri vya baiskeli nisivyovijua hata majina. Mzee alipofariki mwaka juzi, mdogo wangu akaendelea palepale, maana yeye ndiye alirithi mikono. Mimi nilirithi sauti ya kuamrisha, mtaona.

Shida ya kile chumba ni maji. Masika yakianza ukuta wa nyuma unatoa jasho na chuma kinaota kutu kila siku unafuta kila siku kinarudi. Mdogo wangu kapata fremu juu barabarani, vifaa vidogo vyote akavipandisha mwenyewe kidogo kidogo. Ikabaki leithi, ile mashine ya kukerezea vyuma, tunayoiita mashine ya Mzee, na ngazi 18 za zege zenye upana wa sentimita 85, huku ukuta wetu huku ukuta wa jirani. Huo wa jirani haukuwepo zamani. Ulijengwa, tukanyamaza, sasa tunalipia kunyamaza.

Mashine yenyewe kwa makadirio ya mdogo wangu ni kilo 700. Tulitoa mota, tukatoa chaki, ile ya chuma inayokamata kitu kinachokerezwa, ambayo peke yake mtu mzima anaibeba kifuani anatembea kama mjamzito, tukatoa mkia, tukatoa kile kigari kinachoshika kisu, tukafungua miguu miwili. Vyote hivyo vilipanda Ijumaa bila maneno. Kikabaki kitanda chenyewe, yaani bedi, pamoja na kichwa, ile sehemu inayozungusha chuma kinachokerezwa, kilichofungwa juu yake. Kama kilo 400 hivi.

Na kichwa mdogo wangu alikataa kukifungua.

"Mzee alikipanga mwenyewe kaka. Nikikitoa nitakirudishaje palepale?"

Kwa wasiojua, kichwa kikikaa upande hata kwa unene wa unywele, kila unachokereza kitatoka kimechongoka, upande mmoja mnene mwingine mwembamba. Kukirudisha sawasawa inawezekana lakini ni kazi ya kupima na kufungua na kupima tena, na nadhani haikuwa kazi tu, nadhani kulikuwa na kitu kingine pale, kama vile hizo bolti ndio mara ya mwisho Mzee kukaza kitu. Sikumuuliza. Nikasema sawa, tunaipandisha na kichwa chake.

## Siku tatu

Swali nililokuwa nalo tangu utotoni ni ile mashine iliingiaje mle chumbani. Nilikuwa darasa la pili, nakumbuka tu kelele na mirunda. Nikamuuliza mama Ijumaa usiku tukiwa tunakula.

"Siku tatu," akasema. "Siku ya kwanza hawakuigusa. Walikaa pale kwenye mawe wanakunywa chai, baba yenu anachora chini na kijiti. Nikamwambia hawa watu unawalipa wakae? Akaniambia leo tunaitazama tu."

Siku ya pili wakaishusha juu ya mirunda nusu njia, wakaifunga, wakaenda kulala. Ya tatu ikafika chini. Na hapo ni mteremko wa nyasi mtupu, hakuna ukuta wa jirani, hakuna kona.

Mimi nilikuwa na Jumamosi. Jumapili nilikuwa na tiketi ya treni.

## Mfuko mmoja wa saruji

Nilipiga hesabu kwenye simu mbele ya watu kabisa. 400 gawanya kwa 8 ni 50. Mfuko mmoja wa saruji kila mtu, jamani mfuko wa saruji si mnabeba kila siku? Vijana wakacheka wakasema bosi anajua.

Hesabu ile ni ya uwanjani, sio ya ngazini. Kwenye korido ya sentimita 85 huwapati watu wanane kuzunguka kitu, unapata wawili mbele na wawili nyuma, wanne waliobaki ni mashabiki. Na ngazi zikiinama vile mzigo haugawanyiki sawa, wa nyuma chini wanakula kikubwa, wa juu wanashika tu kuzuia usiyumbe. Kwa hiyo ule mfuko mmoja kwa mtu wa chini unakuwa mifuko miwili mitatu, na anatembea kwa kurudishwa nyuma, na hana pa kukimbilia.

Mdogo wangu ndiye aliyeniondolea hiyo hesabu. Akasema hatubebi, tunaburuta. Tunalaza mbao mbili nene juu ya ngazi, bedi inakaa kwenye mbao, kamba inakwenda hadi mwembe wa juu, vijana wanavuta, na mtu mmoja anakaa nyuma kuweka kabari kila tunapopumzika.

Halafu akasema, polepole kama anavyosema, "Au tusubiri Jumatatu. Kuna gereji wana cheni bloku ya tani moja, ile winchi ya mnyororo ya kuvuta kwa mkono, Jumatatu inakuwa haina kazi."

Nikasema tutaweza tu.

"Sawa kaka."

## Meli ndani ya makasha

Asubuhi ya Jumamosi tukiwa tunapanga mbao akapita babu mmoja wa mtaani kwetu, alifanya kazi bandarini miaka na miaka. Shikamoo, marahaba, akasimama na mkongojo wake akaangalia weee.

"Mnaipitisha nzima?"

Nikamwambia na kichwa chake babu, hatutaki kuharibu vipimo.

Akacheka. "Mjerumani kaleta meli nzima hapa ndani ya makasha. Wewe kigari cha kukerezea unaogopa kufungua bolti nne."

Alikuwa anaisema Liemba, na kila mtoto wa Kigoma keshaisikia hiyo habari mpaka imekuwa kama maji ya bomba, lakini siku ile ndio nimeisikia vizuri. Maana fikiria. Meli ya mita 71 ilijengwa Papenburg huko Ujerumani mwaka 1913, wakaifungua yote, wakaipanga kwenye makasha 5,000, ikapanda meli nyingine mpaka Dar, ikapanda treni ya reli iliyokuwa ndio kwanza imefika Kigoma 1914, halafu hapa hapa kwetu wakaipigilia ribiti upya na kuishusha ziwani 1915. Njia ilikuwa nyembamba kuliko mzigo. Kwa hiyo wakapunguza mzigo.

Sisi tulikuwa na ngazi 18 na tulikataa kupunguza.

Babu akaendelea, kwamba 1916 hao hao Wajerumani walipoona vita imewaelemea wakaizamisha wenyewe, ila kabla ya kuizamisha wakapaka injini grisi kila mahali, ndio maana Waingereza walipoiinua 1924 ilitengenezeka na 1927 ikarudi kazini. Hapo naomba niwe mkweli, katika hadithi yote ile yenye akili nyingi hivyo, mimi nilitoka na neno moja tu.

Grisi.

## Mawese

Grisi hatukuwa nayo ya kutosha mbao mbili ndefu. Lakini hii si ni Kigoma? Nikaenda jikoni nikachukua dumu la mama. Mama alinung'unika kwamba hiyo ni mboga ya mwezi mzima lakini kwa kuwa ni kaka mkubwa kasema, dumu likatoka.

Na yalifanya kazi mno. Saa mbili asubuhi na kale kaubaridi mawese yalikuwa mazito, yameganda yana rangi ile ya machungwa, unayapaka kwenye mbao yanakaa kama siagi. Vijana wakavuta, bedi ikateleza kwa raha, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tano. Mtu akawa anaimba. Kwenye ngazi ya sita tukapumzika tukanywa chai.

Kitu ambacho kila mwanamke wa Kigoma anakijua, na mimi nimekula mawese miaka thelathini na sijawahi kukiwaza, ni kwamba jua likipanda yanayeyuka.

Saa sita yalikuwa maji. Yanachuruzika kwenye ngazi, yameingia kwenye kamba, na wale vijana waliokuwa wanashuka kupaka na kupanda kuvuta walikuwa wameyapandisha na soli za viatu mpaka juu pale wanaposimama. Udongo wa pale juu mkavu, mwekundu. Ukichanganya na mafuta unapata kitu ambacho hata mbuzi hasimami.

## Mizunguko mitatu

Sasa nafika.

Kamba ilikuwa inatoka kwenye bedi, inapita mikononi mwa vijana, inakwenda kuzunguka mwembe, halafu mwisho wake naushika mimi. Kazi yangu ni kila wakivuta nafyonza ile kamba iliyolegea, wakichoka mwembe ndio unabaki na mzigo. Asubuhi mdogo wangu aliifunga mwenyewe. Aliizungusha kwenye shina mara tatu, akaivuta kuijaribu, akaniambia, "Kwa mara tatu hata mama anaishika hii."

Alikuwa hatanii. Watu wa maboti wanajua, kamba ikizunguka gogo msuguano unakula nguvu, na kila mzunguko unaoongeza unaila tena ile iliyobaki. Mzunguko mmoja mzima, kinachokuja mkononi mwako ni sehemu ndogo tu ya kilo zinazovuta upande wa pili. Mitatu, unaweza kushika na vidole huku unaongea na simu.

Ila mizunguko mitatu ina kero yake. Kamba haifyonzeki haraka. Vijana wakivuta nusu mita mimi inabidi niilegeze, niisukume kuzunguka shina, nikaze tena, inajing'ata, wao wanapiga kelele "bosi kaza!" Tangu saa nne nilikuwa mimi ndiye ninayechelewesha kazi. Mimi, mwenye tiketi.

Kwenye mapumziko ya ngazi ya sita nikaitoa. Sikumwambia mtu. Mdogo wangu alikuwa chini anachonga kabari, vijana wako kwenye chai, nikaifungua nikaacha kamba imepita tu nyuma ya mwembe na kurudi. Nusu mzunguko. Ikawa inafyonzeka kama kamba ya kisima, kazi ikaenda mbio, na nakumbuka kabisa nilijisikia mjanja.

Ngazi ya kumi na mbili, pale kwenye kona, kijana wa mbele akateleza. Akamgonga wa pili. Wanne waliobaki hawawezi peke yao, na kamba ina mafuta. Mzigo wote ukaja kwenye mwembe, na mwembe ukauleta kwangu.

Sikuiachia. Nataka hilo liandikwe, sikuiachia. Lakini haikunihitaji niiachie, ilipita mikononi mwangu kama nyoka na ngozi yangu ikaenda nayo.

Bedi ilirudi ngazi tatu. Sijui ni sekunde ngapi, labda moja. Mdogo wangu alikuwa ameinama na kabari mkononi, mguu wa kushoto kwenye ngazi ya tisa, ukuta huku ukuta huku. Aliruka kinyumenyume bila kugeuka. Kilichoisimamisha sio mimi wala vijana, ni kwamba ubao mmoja ulipasuka na kona ya bedi ikajing'ata kwenye zege. Ipo alama hadi leo, kipande cha ngazi kimeng'oka ukubwa wa ngumi.

Na wakati wote wanaangalia chini, unajua mimi nilifanya nini?

Nilizungusha kamba kwenye mwembe mara mbili zaidi.

Mikono inatoka damu, nazungusha. Mdogo wangu alipopanda kuja kukagua kamba alikuta mizunguko mitatu, kama alivyoiacha. Akaishika, akaitikisa, akaguna. Akasema labda ni mawese.

Nikasema itakuwa ni mawese.

## "Sawa kaka"

Nimejiuliza sana kwanini alikaa pale chini. Yeye ni fundi, mimi nakaa kwenye kompyuta. Anajua kuliko mimi kwamba chini ya mzigo hakai mtu, hata kuli wa juzi anajua hilo. Alijua kuna cheni bloku Jumatatu. Alisema mara mbili, mara ya pili mbele ya mama.

Jibu ninalolipata kila mara ni dogo na linaniudhi. Ni kwa sababu nilisema.

Kwetu "sawa kaka" haina maana ya kukubali. Inamaanisha nimekusikia na sitakuaibisha mbele za watu. Nimeishi na hilo neno maisha yangu yote nikidhani watu wananiunga mkono. Ninapoleta hela za bati, sawa kaka. Ninaposema mtoto ahamishwe shule, sawa kaka. Sasa najaribu kukumbuka ni mara ngapi kulikuwa na "au tusubiri Jumatatu" kabla yake na sikuisikia.

Na aliweza kukaa pale kwa sababu nyingine pia, hii ndio inayonichoma. Alikuwa ameifunga kamba mwenyewe. Hakuwa ameniamini mimi, aliiamini mizunguko yake mitatu.

Nimeshapiga simu mara nne kumwambia. Mara ya kwanza akapokea mama. Mara ya pili tukaongea habari za mvua. Hizo nyingine mbili hata sizisemi.

## Jumatatu

Treni niliiacha iende. Cheni bloku ikaja kwenye toroli, ikafungwa kwenye mwembe, na watu wawili, mdogo wangu na mwenye nayo, wakaipandisha bedi iliyobaki kwa saa moja na nusu. Cheni yake inavuta kama mita tatu tu, kwa hiyo kila ikiisha unaweka kabari, unaifungua, unafunga upya karibu zaidi. Tik tik tik tik. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyesimama chini, kabari ziliwekwa kutoka juu kwa mti mrefu. Mimi nilikuwa nimefungwa bandeji nimekaa kwenye yale mawe nakunywa chai. Mama akaniletea kikombe cha pili akasema, "Leo unaitazama tu."

Pale kwenye kona ilibidi kichwa kitoke. Bolti nne, babu alikuwa sahihi mpaka idadi.

Mdogo wangu alikaa siku nne kukirudisha. Akaweka bedi kwenye sakafu mpya, akapima kwa pima maji, akapachika vipande vyembamba vya bati chini ya miguu, akaiacha ilale usiku mmoja itulie, akapima tena. Halafu akafunga kipande cha chuma, akakereza wembamba tu, akachukua maikromita akapima kwa karibu na kwa mbali. Hazikulingana. Akaongeza bati chini ya mguu mmoja, akakereza tena. Nilikuwa naangalia mgongo wake. Anasimama kama Mzee, uzito wote mguu wa kulia.

Mguu wa kushoto alikuwa na kandambili mpya, nyekundu. Wa kulia ileile ya bluu. Nilimnunulia jozi nzima lakini alisema ya kulia bado nzima.

## Gome

Juzi usiku nilimuandikia WhatsApp. Niliandika ndefu, nikafuta, nikaandika fupi: mdogo wangu siku ile kwenye ngazi ya sita nilipunguza kamba, ilikuwa nusu mzunguko, halafu nikairudisha.

Tiki mbili za bluu. Kimya kama dakika kumi hivi.

Ikaja picha. Mwembe wetu, shina lake kwa karibu, kapiga mchana. Kwenye gome kuna mistari mitatu imekwaruzika kidogo kidogo, na juu yake kuna mmoja umechimba, mweusi, umeungua, unaanzia ubavuni unapita nyuma na kuishia ubavu wa pili. Haujazunguka.

Chini ya picha kaandika, "Niliona siku ileile."

Nikauliza mbona hukusema.

Hakujibu hilo. Akaniuliza likizo ya Disemba naja lini, kwa sababu kapata kompresa kutoka kwa mtu kule bondeni, ni nzito, na ngazi za kule ni mbaya kuliko zetu.

"Kamba nashika mimi," akaandika. "Wewe utaweka kabari."

Nimemjibu sawa.